Mabingwa wa Maji: Turbaini za Juu, Kubwa na Kongwe Kuliko Zote

Jaza simtanki la lita 1,000, lipandishe mita 367 juu ya ardhi, kisha yaachie maji yashuke. Kama hakuna hata chembe ya nguvu itakayopotea njiani, maji hayo yatafanya kazi ya uniti 1 ya umeme, ile ile tunayoinunua kwa LUKU Dar es Salaam au kwa tokeni Nairobi. Hakuna jengo Afrika Mashariki linalofikia kimo hicho, na bado tani nzima ya maji imetoa uniti 1 tu, isiyotosha hata kuivisha sufuria ya maharage kwenye jiko la umeme.

Hesabu hii fupi ndiyo inayotawala kila kituo cha umeme wa maji duniani. Nguvu hutokana na mambo mawili: kimo ambacho maji yanashuka, na wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Mwenye mlima mrefu anaweza kutosheka na kijito. Mwenye uwanda tambarare hana budi kuupitisha mto mzima. Turbaini, yaani gurudumu linalopokea nguvu hiyo na kuifikisha kwenye jenereta kwa shafti, hubadilika umbo kulingana na kipi kati ya hivyo viwili kinapatikana. Ndiyo maana ukizipanga turbaini zilizovunja rekodi unaona sura ya nchi zilizozizaa: Uswisi na milima yake, Brazili na mito yake, China iliyojaliwa vyote. Rekodi huwekwa kwanza na mto na mlima, fundi hufuata.

Kimo kikubwa kuliko vyote

Taji la kimo liko Bieudron, katika jimbo la Valais, Uswisi. Maji yake hutoka bwawa la Grande Dixence, ambalo nalo lina rekodi yake: kwa urefu wa mita 285, hakuna bwawa jingine duniani linalozuia maji kwa uzito wake pekee lililokwenda juu kiasi hicho. Kutoka humo maji hupita ndani ya mlima na kushuka kimo cha mita 1,869 kabla hayajakutana na turbaini. Simtanki letu likimwagwa huko linatoa zaidi ya uniti 4 halisi, baada ya kuondoa kila kinachopotea.

Kituo kilianza kazi mwaka 1998 kikiwa na turbaini 3, kila moja ikiwa na megawati 423. Ni nguvu ya kutisha kwa mashine inayotumia meta za ujazo 25 tu za maji kwa sekunde, kiasi ambacho mto wa kawaida hukipitisha bila mtu kushangaa. Siri iko kwenye kasi. Gurudumu limezungukwa na midomo 5 ya mabomba, na kila mdomo unatoa mchirizi wa maji unaokwenda karibu kilomita 690 kwa saa.

Sogea karibu uone mchirizi huo unapotua. Ukingoni mwa gurudumu kumepangwa vikombe vya chuma kisichoshika kutu, na kila kikombe kwa kweli ni viwili vilivyoungana ubavu kwa ubavu, katikati yake pakiwa na ukingo mkali. Maji yanaugonga ukingo, yanapasuka nusu kwa nusu. Nusu moja inaingia kushoto, nyingine kulia, kila moja ikiambaa na ukuta laini wa kikombe chake mpaka inageuzwa karibu kabisa kuelekea ilikotoka. Huko kugeuzwa ndiko kunakosukuma gurudumu. Vikombe hukimbia kwa karibu nusu ya kasi ya mchirizi, na hapo ndipo penye uzuri wa hesabu: maji yanapokiacha kikombe yanakuwa yamebakiwa na mwendo mdogo sana, yameshatoa karibu kila yalichokuwa nacho, na yanadondoka chini kwa uzito wake tu. Gurudumu zima linazunguka zaidi ya mara 428 kwa dakika.

Kimo kina gharama yake. Chini kabisa ya mteremko wa mita 1,869, kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wa bomba inabeba mzigo wa karibu kilo 187. Tarehe 12 Desemba 2000 bomba la Bieudron lilipasuka mlimani. Maji yaliyotoka yalifagia malisho, miti ya matunda na nyumba, na watu 3 walipoteza maisha. Kituo kilikaa kimya kwa karibu miaka 9 kabla turbaini hazijazunguka tena.

Aina hii ya turbaini inaitwa Pelton, kwa jina la Lester Allan Pelton, seremala mzaliwa wa Ohio aliyekwenda California mwaka 1850 akifuata dhahabu kama maelfu ya wenzake. Dhahabu haikumtajirisha. Badala yake alijifunza kutengeneza magurudumu ya maji yaliyoendesha mashine za migodini. Magurudumu ya siku hizo yalikuwa na vikombe vya kawaida: maji yaliingia, yakajipiga ukutani, yakarudi nyuma na kuuzuia mchirizi uliokuwa ukija. Pelton aliweka ukingo wa kupasua maji katikati, akapata hataza mwaka 1880. Mwaka 1883 kampuni moja ya mgodi huko Grass Valley iliyashindanisha magurudumu ya mafundi mbalimbali, na la Pelton likageuza zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya maji kuwa kazi. Wapinzani wake hawakufika 80. Hiyo ni miaka zaidi ya 140 iliyopita, na umbo la kikombe chake bado ndilo linalofungwa Uswisi.

Ndilo pia lililofungwa Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Kituo hicho kina turbaini 3 za Pelton zenye jumla ya megawati 180, na maji yanashuka kimo cha karibu mita 850. Kwa Tanzania hicho ndicho kimo kikubwa kuliko vyote, na simtanki moja linatoa takriban uniti 2. Kihansi kina habari nyingine isiyo ya umeme, na sioni haki kuiruka. Kando ya maporomoko yaliyotoa maji hayo aliishi chura mdogo wa manjano anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, katika eneo lenye unyevu la kama hekta 2 tu. Ni wanyama wachache sana wenye uti wa mgongo wanaojulikana kuishi katika makazi madogo kiasi hicho. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Maji yalipoingizwa kwenye bomba, ukungu wa maporomoko uliokuwa uhai wake ulipungua mno. Vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani mwaka 2000, mabomba ya kunyunyizia maji yakafungwa bondeni, na bado mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Vizazi vya wale waliosafirishwa vilirudishwa nyumbani, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena bondeni. Turbaini ya Pelton hutumia maji machache, lakini machache hayo ndiyo yaliyokuwa yote kwa kiumbe huyo.

Mashine moja yenye nguvu kuliko zote

Kwa nguvu ya mashine moja moja, hakuna anayeikaribia Baihetan. Kituo hiki kiko kwenye mto Jinsha, mpakani mwa majimbo ya Sichuan na Yunnan nchini China, chini ya bwawa lenye urefu wa mita 289. Kina turbaini 16, kila moja megawati 1,000. Ya kwanza iliwashwa Juni 2021 na ya mwisho Desemba 2022. Turbaini mbili tu kati ya hizo 16 zinakaribia kulingana na uwezo wa kituo chetu kizima cha Julius Nyerere, kule Rufiji.

Hizi ni za aina ya Francis, na hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa na Pelton. Kwenye Pelton gurudumu liko hewani na maji yanalipiga. Kwenye Francis gurudumu limezama, limejaa maji yenye msukumo pande zote. Bomba kubwa linaizunguka turbaini likipungua unene kadiri linavyoendelea, ili maji yaingie kwa kipimo kilekile kila upande. Kisha yanapita kwenye vilango vya chuma vilivyosimama duara. Vilango hivi hugeuka kwa pamoja, na ndivyo vinavyoamua maji yaingie kiasi gani na kwa pembe ipi. Jiji likiwasha taa jioni, vinafunguka. Usiku wa manane vinajibana. Maji yanaingia kwenye gurudumu kutokea ubavuni, yanajipinda kati ya mapanga yake, msukumo ukishuka hatua kwa hatua, na kutokea chini katikati. Hata huko hayaachiwi hivi hivi: yanaingia kwenye bomba linalopanuka taratibu, ambalo huyapunguza mwendo na kuokoa nguvu iliyokuwa imebaki ndani yake.

James Francis, mzaliwa wa Uingereza mwaka 1815, alikuwa mhandisi wa mifereji huko Lowell, Massachusetts, mji uliojaa viwanda vya nguo vilivyoendeshwa kwa maji. Hakuivumbua aina hii kutoka patupu. Mmarekani Samuel Howd alikuwa ameshapata hataza ya gurudumu la kuingiza maji kutokea nje mwaka 1838. Alichofanya Francis mwishoni mwa miaka ya 1840 ni kupima: alibadilisha pembe za mapanga, akapima, akabadilisha tena, kisha mwaka 1855 akachapisha matokeo yake ili wengine wayatumie. Kwa maoni yangu anastahili jina lake kubaki pale, kwa sababu uhandisi wa maji tulio nao leo umejengwa juu ya vipimo vya namna hiyo. Turbaini bora za aina yake sasa zinageuza zaidi ya asilimia 96 ya nguvu ya maji kuwa mzunguko wa shafti. Injini nyingi za magari hazifiki hata nusu ya hapo. Ni vigumu kutaja mashine kubwa nyingine iliyokaribia ukamilifu hivyo.

Adui yake mkubwa ni mapovu. Maji yakipita kwa kasi kubwa mahali ambapo msukumo umeshuka sana, huchemka yakiwa baridi: vipovu vya mvuke vinazaliwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha vikifika penye msukumo mkubwa vinajifinya ghafla na kupasuka juu ya chuma. Kimoja hakina madhara. Mamilioni, mchana na usiku, humega chuma kigumu mpaka uso wa panga unakuwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Ndiyo sababu turbaini nyingi za Francis hupachikwa chini kuliko usawa wa maji ya mto yanayotoka, ili uzito wa maji hayo uzuie mapovu kuzaliwa, na ndiyo sababu mafundi huingia ndani kila baada ya muda na mashine za kuchomelea kuziba yaliyoliwa.

Itaipu dhidi ya Three Gorges

Kituo kikubwa kuliko vyote duniani ni Three Gorges, kwenye mto Yangtze. Turbaini zake kubwa ni 32 za Francis zenye megawati 700 kila moja, pamoja na 2 ndogo za megawati 50 kwa matumizi ya kituo chenyewe. Jumla megawati 22,500. Kila gurudumu kubwa lina upana wa karibu mita 10 na uzito wa takriban tani 450, na linazunguka mara 75 tu kwa dakika. Linganisha na zile 428 za Bieudron: maji mengi yenye kimo cha wastani hutaka gurudumu pana lisilo na haraka.

Kuwa na uwezo mkubwa si sawa na kutoa umeme mwingi, na hapo ndipo Itaipu inapoingia. Kituo hicho cha Brazili na Paraguai, kwenye mto Paraná, kina megawati 14,000, chini ya theluthi mbili za Three Gorges. Lakini mwaka 2016 kilitoa uniti bilioni 103.1 na kuipita Three Gorges ya mwaka huo. Paraná hauna misimu mikali ya ukame na mafuriko kama Yangtze. Turbaini 20 za Itaipu zinapata maji karibu mwaka wote. Three Gorges ililirudisha taji mwaka 2020, mwaka wa mvua kubwa, kwa uniti bilioni 111.8. Rekodi ya jumla ya maisha bado ni ya Itaipu: tangu iwashwe mwaka 1984 imeshatoa zaidi ya uniti trilioni 3, na ilivuka hapo mwaka 2024. Kwa anayetaka kujua kituo bora ni kipi, mimi ningemwelekeza kwenye rekodi hii ya mwisho kabla ya ile ya megawati.

Zote hizi zitapitwa, mradi ukikamilika. Julai 2025 China ilizindua ujenzi wa vituo kwenye mto Yarlung Tsangpo, Tibet, vyenye jumla ya megawati zipatazo 60,000. Mto huo unashuka karibu mita 2,000 katika kona moja ya Himalaya. Ni mlima na mto mahali pamoja.

Mapana bila kimo

Mto Madeira, tawimto la Amazon, ni mkubwa kupindukia na karibu hauna mteremko. Kituo cha Jirau huko Brazili kinatumia kimo cha mita kama 15, ambapo simtanki letu halitoi hata robo ya robo ya uniti. Jibu ni kuupitisha mto. Jirau ina turbaini 50 zenye megawati 75 kila moja, na Santo Antônio, jirani yake kwenye mto huohuo, ina 50 nyingine. Hakuna kwingine duniani palipokusanywa turbaini nyingi hivi za aina hiyo, ambapo jenereta imefungiwa ndani ya ganda la chuma lisiloingia maji na kuwekwa katikati ya njia ya mto, maji yakipita kulizunguka moja kwa moja bila kona.

Chimbuko lake ni turbaini ya Viktor Kaplan, mhandisi wa Austria aliyefundisha Brno. Kaplan aliondoa gurudumu zito la Francis akaweka rafadha ya mapanga machache, kama manne au matano, na akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: mapanga yenyewe yanageuka pembe mashine ikiwa inazunguka, kwa mafuta yanayosukumwa kupitia ndani ya shafti. Mto ukipungua, mapanga yanalala, ukijaa, yanasimama. Kwa hiyo turbaini hubaki na ufanisi mkubwa hata maji yakibadilika kwa nusu. Aliwasilisha hataza zake mwaka 1912 na 1913, na mashine ya kwanza ikafungwa Velm, Austria, mwaka 1919. Yale mapovu niliyoyataja karibu yamvunje: yalitafuna mapanga yake ya mwanzo, na yeye mwenyewe akaugua kwa muda mrefu. Miongoni mwa turbaini pana kuliko zote za aina hii ziko 2 za Gezhouba, China, zenye rafadha ya mita 11.3.

Afrika Mashariki ni nchi ya Kaplan kuliko watu wanavyojua. Kituo cha Owen Falls kule Jinja, ambacho sasa ni Nalubaale, kilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954 kikiwa na mashine za aina hii, kwa sababu Nile hapo ina maji tele na kimo kidogo. Kituo cha Rusumo, mtoni Kagera, kinachotoa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, nacho kimejengwa kwa Kaplan 3.

Bahari nayo imo kwenye orodha. Kwenye mlango wa mto Rance, Ufaransa, maji ya kujaa na kupwa hutofautiana hadi mita 13 wakati wa bamvua. Wafaransa walijenga ukuta hapo na kuweka turbaini 24 za megawati 10, zinazoweza kuzunguka maji yakiingia na yakitoka. Kituo kilifunguliwa mwaka 1966 na bado kinafanya kazi. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo kwa miaka 45, mpaka Korea Kusini ilipofungua Sihwa yenye megawati 254 mwaka 2011. Pwani yetu, ambako bamvua haizidi sana mita 4, haiwezi kuwania taji hilo.

Kongwe

Wengi huanza historia hii Ulaya karne ya 19. Ukweli ni kwamba magurudumu ya zamani kuliko yote yanayojulikana kufanya kazi kwa namna ya turbaini yalikuwa Afrika, huko Chemtou na Testour, Tunisia, enzi za Warumi, karne ya 3 au ya 4. Maji yaliingizwa pembeni mwa shimo la mviringo, yakajaa na kuzunguka, na kuliendesha gurudumu la mlalo lililozama ndani. Lilisaga nafaka.

Mfaransa Benoît Fourneyron alijenga yake ya kwanza mwaka 1827, yenye nguvu farasi 6. Miaka 10 baadaye huko St. Blasien, Ujerumani, alifunga gurudumu lenye upana wa sentimita 30 tu lililozunguka mara 2,300 kwa dakika na kutoa nguvu farasi 60. Watu walisafiri kwenda kulitazama. Kwa kulinganisha, gurudumu la Laxey kwenye kisiwa cha Man, lililojengwa mwaka 1854 kwa mtindo wa zamani ili kutoa maji mgodini, lina upana wa mita 22.

Siku turbaini iliporuka

Rekodi ya msiba ni ya Sayano-Shushenskaya, Urusi, kituo cha maji kikubwa kuliko vyote nchini humo. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009 turbaini namba 2, yenye megawati 640, ilikuwa ikitikisika kupita kiasi. Bolti zilizoshikilia mfuniko wake zilikuwa zimechoka kwa miaka mingi ya mtikisiko, baadhi hazikuwa hata na nati. Zilipokatika, maji yenye msukumo wa kimo cha karibu mita 200 yaliirusha juu mashine yenye uzito wa mamia ya tani, sakafu na yote. Ukumbi ulifurika kwa dakika chache. Watu 75 walikufa. Tangu siku hiyo kila mhandisi wa turbaini anafahamu maana ya mtikisiko, na bolti za mfuniko hukaguliwa kwa vyombo vinavyoona ndani ya chuma. Ukitembelea kituo chochote na kuona mtu anasoma vipimo vidogo ukutani kwa umakini usio wa kawaida, msiba kama huo ndio anaouzuia.

Mabingwa wa Afrika

Tangu 9 Septemba 2025 kituo kikubwa kuliko vyote barani ni Bwawa Kuu la Ethiopia kwenye Nile ya Bluu: turbaini 13 za Francis, megawati 5,150. Hata hivyo mashine moja moja zenye nguvu zaidi bado ziko Msumbiji. Turbaini 5 za Cahora Bassa, zilizoanza kufua umeme miaka ya 1970, zina megawati 415 kila moja.

Inga, kwenye mto Congo, ndiyo inayoniuma. Mto huo unapitisha wastani wa zaidi ya meta za ujazo 40,000 kwa sekunde, na kwa kuwa unavuka ikweta mara mbili, upande mmoja ukikauka mwingine una mvua. Ni wa pili duniani kwa wingi wa maji, na mahali pa Inga unashuka kwa karibu mita 100 ndani ya kilomita chache. Wingi na kimo pamoja, bila ukame. Inga I iliwashwa mwaka 1972 na Inga II mwaka 1982, megawati 1,775 kwa jumla. Laini iliyojengwa kuupeleka umeme huo hadi Kolwezi, kwenye migodi ya Katanga, ilikuwa ndefu kuliko zote duniani ilipokamilika: kilomita 1,700 hivi, ikipita juu ya mamia ya vijiji visivyo na taa. Mipango ya kufikisha megawati 40,000 imezungumzwa kwa miongo mingi. Kwa vipimo vya mto na mlima, bingwa wa dunia alipaswa kuwa hapo.

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki taji liko Rufiji. Kituo cha Julius Nyerere kina turbaini 9 za Francis, megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024 na ya mwisho Aprili 2025. Ili kuuona ukubwa huo, turbaini moja tu ya Rufiji inakizidi kituo kizima cha Kidatu chenye megawati 204, kilichokuwa kituo cha maji kikubwa kuliko vyote Tanzania tangu miaka ya 1970. Inakizidi pia Gitaru, megawati 225, kituo cha maji kikubwa kuliko vyote Kenya.

Lakini bwawa la Rufiji lina kimo cha wastani tu, kwa hiyo linaishi kwa wingi wa maji, na wingi huo unatoka mbali. Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ndani ya hifadhi ya Ruaha, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya matumizi ya maji huko juu Usangu. Mto wa bonde la Kilombero bado unatiririka. Mjadala wa mashamba ya mpunga, mifugo na misitu ya bonde hilo ukitajwa bungeni au redioni, tuufuatilie kama tunavyofuatilia bei ya uniti: zaidi ya asilimia 60 ya maji yanayozungusha turbaini zile 9 hutoka Kilombero.